Nyundo wa Butali Amefika

Leo nimeumbuka. Si ule uumbukaji wa kuteleza kwa matope pale sokoni, ukainuka ukajifuta ukaendelea na safari. Huu wa leo umesikika hapa Lurambi, ukasikika Butali, ukasikika Matungu na kila mahali redio inashika.

Mnanijua mimi ni mtu wa roki ya miaka ya sabini. (Ndiyo, fundi wa umeme wa Kakamega, baba wa mtoto mmoja, na bado napenda gitaa linalopiga kelele. Kila mtu na ugonjwa wake.) Kuna kipindi cha redio kila Jumamosi mchana. Mtangazaji anajiita Mjomba Sahani. Anaweka wimbo, sisi wasikilizaji tunatuma maoni kwa group ya WhatsApp, wengine kwa maandishi, wengine kwa sauti, naye anayasoma au kuyarusha hewani. Mle ndani mimi naitwa Waya Moto.

Na mle ndani nina adui. Anaitwa Nyundo wa Butali. Mimi ni mtu wa gitaa, Nyundo ni mtu wa ngoma. Nikisema mpiga gitaa ameua, Nyundo anaandika: "Bila ngoma huyo wa gitaa angekuwa anakuna mbu." Maneno machache tu. Hatumi sauti hata siku moja, hana picha, hana maelezo. Anadunga na kunyamaza. Tumegombana hivyo tangu mwaka jana, na Mjomba Sahani anatuchochea kwa sababu watu wanapenda.

Sasa, leo pia ilikuwa siku ya mama mkwe kuja kwangu. Mara ya kwanza!

Kama wewe si wa huku, acha nikueleze. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake hivi hivi. Anakaribishwa rasmi, anavishwa blanketi mlangoni, anaingia, anakula. Akila, nyumba imekubaliwa. Akiondoka bila kula, heri ungehama kaunti. Miaka minne nimengoja siku hii. Na katika miaka hiyo yote, mimi na yeye hatujawahi kupeana mkono wala kuangaliana usoni. Simu hatupigiani. Salamu zote zinapitia kwa mke wangu, Nafula. Namba yake sina, na sauti yake siijui vizuri. Ninachokijua kwa uhakika ni viatu vyake, kwa sababu tukikutana huwa naangalia chini. Hiyo ndiyo heshima yetu, na nilikuwa naijivunia sana mpaka leo mchana.

Asubuhi nilifagia uwanja, nikafunga balbu mpya sebuleni, nikamchinja jogoo. Lile jogoo lilikuwa zee. Nafula alilitazama kwenye sufuria akatikisa kichwa.

"Baba Junior, hii ingokho ulinunua ama ilikuwa inastaafu?"

"Ongeza kuni," nikamwambia. "Mama yako atafika saa nane. Itakuwa imeiva."

Saa sita kipindi kikaanza. Nikaweka redio dirishani pale jikoni. Nafula hazipendi hizo nyimbo, anasema ni kelele za watu wanaochomelea mageti. Lakini leo alinionea huruma, alijua nina wasiwasi.

Mjomba Sahani akaweka wimbo mmoja mrefu wa Waingereza. Katikati gitaa linanyamaza, besi inanyamaza, mwimbaji sijui ameenda kunywa chai, anabaki mpiga ngoma peke yake. Anapiga, anapiga, anapiga. Maoni yakaanza kumiminika. Jamaa mmoja wa Isecheno, anayetembeza wageni msituni, akasema hata nyani wamekaa chini kusikiliza. Mzee wa Matungu akatuma sauti: "Asalaam aleikum Mjomba Sahani, hapa tumeacha kupalilia miwa, jembe zote ziko chini." Kisha Nyundo akaandika: "Waya Moto yuko wapi leo? Ama gitaa limekatika waya?"

Mimi huyo! Nikashika simu, mwiko wa ugali mkono wa pili, nikarekodi sauti. Nakumbuka kila neno, kwa bahati mbaya.

"Nyundo wa Butali, masikio yako yameharibiwa na mashine ya kusaga miwa! Mtu akiangusha sufuria wewe unaita muziki. Kwa kweli namhurumia mke wako."

Mjomba Sahani akairusha hewani, akacheka mpaka akakohoa. Nyundo akajibu: "Sina mke."

Hapo mtu mwenye akili angeachia. (Mimi sikuachia.) Nikatuma nyingine: "Mnaona? Nani angekubali kuishi na masikio kama hayo? Nyundo, kama wewe ni mwanaume kweli, njoo Lurambi leo tumalizane. Uliza fundi wa umeme mwenye geti la kijani, karibu na posho mill. Nitakufundisha gitaa ni nini!"

Group ikalipuka. Vicheko, mioto, makofi. Nyundo akaandika: "Niko njiani."

Nikacheka. Nikamwonyesha Nafula. Akasema, "Wewe utaletea watu vita siku ya mama." Nikamwambia Nyundo ni mwoga, atafika wapi. Nikapunguza sauti ya redio. Nilipunguza tu, sikuizima, maana kipindi kilikuwa bado kinaendelea.

Saa nane kasorobo gari likasimama nje. Mama mkwe na Senge Rasoa, shangazi yake Nafula. Senge alikuja kwa kazi moja: kusema. Mama mkwe hazungumzi na mkwe moja kwa moja, kwa hivyo anamnong'oneza Senge, na Senge anatangaza. Nikavaa koti. Nafula akamvisha mamake blanketi pale mlangoni, Senge akapiga kigelegele, wakaingia. Mimi nikakaa kona ya mbali kabisa, macho kwenye sakafu. Viatu vyeusi vya kufunga vikatulia mbele ya kiti changu kikubwa. Amekaa. Roho yangu ikatulia.

"Mulembe," Senge akasema. "Mama anasalimia. Anasema nyumba ni safi."

"Mulembe sana. Mwambie mama karibu, ajisikie nyumbani."

"Amesikia. Masikio yake iko sawa."

Nikaona hilo ni jibu la ajabu kidogo, lakini Senge ni mtu wa maneno, nikaliacha lipite.

Chakula kilikuwa bado. Jogoo lilikataa katakata. Ili kujaza muda, Senge akasema tuombe, nyumba ibarikiwe. Tukasimama, tukafumba macho. Senge akianza kuomba huwa anaanza na mvua, halafu miwa, halafu viongozi, halafu wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwa wagonjwa wa Malava, simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikafungua jicho moja. Group inauliza: "Waya Moto, mgeni amefika?"

Jamani, shetani ni mtu wa kweli. Nikaiteremsha simu karibu na goti, nikaandika kwa kidole gumba: "Nyundo ameogopa. Geti liko wazi na hakuna mtu."

Nikatuma. Upande ule wa kiti kikubwa, ndani ya mkoba, kitu kikalia: kling!

Sikushtuka. Kila mtu ana simu siku hizi. Nikaongeza: "Nilijua. Watu wa ngoma ni kelele tupu."

Kling!

Nikajiambia, mama naye ana group nyingi, labda za kanisa. (Kweli nilijiambia hivyo. Niko na akili kweli mimi?) Senge alikuwa amehamia kwa wasafiri. Nikasikia zipu ya mkoba ikifunguka polepole, halafu kimya, halafu ikifungwa. Nami sikuinua macho kwa sababu ya heshima.

"Amina," Senge akasema hatimaye.

Tukakaa. Wakati huohuo Nafula akafungua mlango wa jikoni ili atuletee maji ya kunawa, na sauti ya Mjomba Sahani ikaingia sebuleni wazi kabisa:

"...na sasa, wasikilizaji, habari moto moto! Nyundo wa Butali ametuandikia hivi. 'Mwambie Waya Moto nimefika. Nimekaa kwenye kiti chake. Kuku wake bado hajaiva.'"

Nafula akasimama na jagi mkononi. Akaniangalia mimi, akaangalia kiti, akaniangalia tena. Nikainua macho yangu kwa mara ya kwanza katika miaka minne, nikamwona mama mkwe usoni. Mama mfupi, mwenye kitambaa cha kanisani, blanketi jipya mabegani, miwani kwenye ncha ya pua, na simu mkononi. Ananitazama kama mwalimu aliyemshika mtoto akiruka ua.

Nikateremka kutoka kitini, nikapiga magoti sakafuni bila kuambiwa.

Mama mkwe akamnong'oneza Senge. Senge akakohoa, akarekebisha kitambaa chake.

"Mama anauliza, Waya Moto anaishi hapa?"

"Ni... ndiyo, Senge. Mwambie mama ndiyo."

"Mama anasema alikusikia kwa ledio ya gari. Uliposema geti ya kijani na posho mill, alicheka mpaka kitambaa ikaanguka. Mimi nikadhani ameshikwa na malaria." Akasikiliza tena. "Sasa anasema hachekangi tena. Anasema hawezi kula kwa nyumba ya mtu amemtukana masikio mbele ya watu wote."

Nafula akaliweka jagi chini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hapo nikaona jinsi nilivyoharibu. Hakuwa analia kwa ajili yangu. Alikuwa amemngoja mamake miaka minne ale chakula chake, na mimi nimekiuza kwa kelele za redio. Niliumia, jamani, bila mchezo.

"Mama," Nafula akasema, "na wewe unasikilizanga hiyo roki tangu lini?"

Mama mkwe hakumnong'oneza Senge. Alimjibu bintiye mwenyewe, kwa sauti ya chini.

"Nyundo ni baba yako. Walimwitanga hivyo kule kiwandani. Mzungu mmoja alimwachia gramafoni na sahani zake akienda kwao. Kila Jumamosi baba yako aliziweka, na wakati wa ngoma alikuwa anapiga meza na vijiko viwili mpaka chai inamwagika. Ulikuwa mdogo. Tangu tumzike, meza imenyamaza. Nikasikia kipindi, nikaingia, wakauliza jina. Nikaandika yake."

Redio jikoni ilikuwa kwa matangazo.

Mimi niliyesema namhurumia mke wa Nyundo. Mimi niliyeuliza nani angekubali kuishi naye. Nikaangalia ile sakafu niliyoifagia asubuhi na nikatamani ipasuke.

"Senge," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa chekechea, "mwambie mama naomba msamaha. Nitalipa. Mbuzi, kondoo, chochote anachosema."

Wakanong'onezana. Safari hii walikaa sana. Nikaona mabega ya Senge yanatikisika.

"Mama anasema mbuzi akae. Anasema ulimtukana hewani, utamsafisha hewani. Useme ngoma ni kubwa kuliko gitaa."

"Senge!"

"Na uitume saa hii, kipindi haijaisha."

Nikamgeukia Nafula anisaidie. Nafula, ambaye machozi yalikuwa yamekauka ghafla, akanipa simu yangu mwenyewe. Basi nikarekodi pale pale, kwa magoti: "Mimi Waya Moto nasema ngoma ni kubwa kuliko gitaa. Tena nasema Nyundo alikuwa na masikio mazuri, na mke mzuri ambaye mimi sikustahili kuwa mkwe wake. Naomba msamaha."

Mjomba Sahani akairusha. Kisha akairudia ngoma ileile kwa heshima ya Nyundo. Nafula akaongeza sauti bila kuambiwa. Na pale kwenye kiti changu, mama mkwe akaweka vidole viwili juu ya stuli na kuanza kupiga, taratibu, macho yamefumbwa. Sitasema nililia. Sitasema pia kwamba sikulia.

Jogoo likaiva saa kumi. Obusuma, ugali wetu, ikaja ikifuka moshi. Mimi na mama mkwe hatuli pamoja, kwa hivyo nilikuwa nimeshatoka nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa, nangoja sahani yangu. Nikasikia ndani Senge akiuliza kwa sauti ya juu, ili nisikie vizuri:

"Mama anauliza, firigisi iko wapi?"

Firigisi! Kila mtu hapa anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba yangu hakuwahi kuigawa hata kwa mchungaji. Nafula akajibu, "Nimemwekea Baba Junior."

Mnong'ono, halafu Senge tena: "Mama anasema leo mwenye nyumba ni Nyundo."

Kwa hivyo amekula. Amekula obusuma, amekula paja, amekula firigisi yangu, akanawa mikono, akabariki nyumba. Imekubaliwa. Wameondoka kabla ya mvua, na Senge amebeba mchuzi uliobaki kwenye kopo. Mimi nimekula shingo. Nimeridhika nayo kabisa. Nafula amekuwa akicheka peke yake jikoni tangu wakati huo, akinyamaza ananiangalia, anaanza upya.

Nimeandika haya yote nikidhani huku Facebook angalau niko salama. Sasa hivi nimeona ombi la urafiki kutoka kwa Nyundo wa Butali, na mama mkwe hakataliwi. Nawapa dakika tano mcheke mfute maoni yenu, baada ya hapo nafuta na haya yangu, namkubali.