Kaza Buti Akwama na Buti

Redio alifika kijiweni Mtaa wa Mkunguni na habari mdomoni, hata kikombe hajashika. Jina lake ni Nurdin na anauza mikoba, ila kazi yake hasa ni kutangaza.

"Oyaa, dunia imeisha! Ulaya siku hizi kiatu hakifungwi kamba! Kuna kidude juu hapa, unazungusha, krr krr krr, waya unakaza wenyewe. Kuinama basi!"

"Kina garantii?" aliuliza Dhruv, muuza spea. Kijiwe kizima kinamwita Garantii, maana hata ukimtangazia harusi swali lake ni hilo hilo.

Eliasi, aliyekuwa kwenye benchi na kahawa yake, alingoja kelele zipungue, kisha akapandisha mguu kwenye benchi taratibu, ili Kariakoo nzima ione. Buti jeusi, linang'aa, kidude katikati.

"Ulaya ya wapi? Hivi hapa, jana nimeviopoa Mchikichini."

"Toa mguu kwenye kashata zangu," alisema Shadya, mwenye birika.

"Dada, leo mheshimu huu mguu. Saa tisa najitambulisha ukweni, kwa kina Ritha, Ilala. Mzee wake nasikia mnoko, anakagua mtu kuanzia miguuni. Akague sasa!"

Hakusema kwamba tangu asubuhi vinambana hadi machozi yanamlengalenga. Angesemaje? Mwenyewe anaitwa Kaza Buti. Uumwe jino, ufukuzwe kazi, ushauri wake kwako ni mmoja tu: kaza buti.

"Ukweni si utavua mlangoni?" Shadya aliuliza.

Ritha alishamwambia Eliasi kuwa mama yake katandika zulia jipya. Eliasi akainama, akazungusha kidude kulia. Krr. Kikakaza. Kushoto, kikagoma.

"Tia nguvu, mwanangu!" Redio akakishika yeye. Krr. Garantii naye akajaribu. Krr krr. Kila aliyekuja kusaidia alikaza.

"Kata waya," alisema Garantii.

"Nikate? Halafu niende ukweni na buti limeachama?"

"Basi ingia navyo, sema una kidonda."

"Sema ni mila ya kwenu Masasi, mwanaume havui kiatu," Redio alisema.

"Ritha naye kwao Masasi!"

Ilikuwa saa saba na nusu, na jasho lilikuwa limeshalowesha shati la ukweni. Eliasi aliogopa kweli. Miaka miwili ya kumbembeleza Ritha, aje kuikosa kwa ajili ya kidude!

"Tulia, kaka. Nimempigia fundi viatu mmoja hatari, yupo humu humu sokoni ananunua gundi," alisema Redio, simu mkononi.

Fundi akaja, mzee mfupi na sanduku lake. Eliasi alimtazama mara moja tu, kahawa ikampalia. Sura ile alishaiona kwenye simu ya Ritha.

"Shi... shikamoo."

"Marahaba. Lete mguu."

"Fanya chapu, mzee wangu," Redio alidakia. "Jamaa saa tisa anatakiwa ukweni, Ilala, kwa kina Ritha. Baba mtu mnoko huyo, balaa!"

Eliasi akamkanyaga. Kiatu kikamuumiza yeye mwenyewe.

"Mnoko?" aliuliza fundi, macho yakiwa kwenye buti.

"Sana! Anakagua watu kuanzia miguuni."

"Anakagua, kweli." Mzee akakishika kidude kwa vidole viwili, akakivuta juu. Tak! Waya wote ukalegea. Akahamia mguu wa pili. Tak! Kijiwe kikashangilia kama goli limeingia.

"Ukikizungusha kinakaza, ukikivuta kinaachia," alisema mzee. "Nyie mnajua kukaza tu."

"Kina garantii?" aliuliza Garantii.

"Shilingi ngapi, mzee wangu?" Redio alitoa pochi.

"Acha. Huyu wa nyumbani."

Redio akamtazama mzee, akamtazama Eliasi, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze akakosa la kutangaza. Mzee akafunga sanduku lake, akalitia kwapani.

"Saa tisa nakusubiri, baba. Mama Ritha kapika pilau." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Njoo na ndala."