Ombi la Kumhamisha Mchungaji Elisée Kutoka Sikioni mwa Mwami

Kwa Baba Askofu Ferdinandi, Louisville,

Bwana asifiwe, Baba. Mimi ni Nzigire, muumini wako wa Columbus, mwimbaji wa sauti ya pili na mchumba wa Gaël. Ninakuandikia kwa adabu zote, ingawa hasira imenifika kooni.

Mwami wetu Bahizire, yaani mtemi wa ukoo wetu, ambaye siku za kazi hupakia maboksi kwenye ghala la Hilliard, kwa desturi hasemi mbele ya watu. Hunong'ona, na mshauri wake hutangaza. Mshauri ni Mchungaji Elisée. Nasi hatuolewi bila neno la Mwami. Basi, malalamiko yangu:

1. Siku ya posa yangu Mwami alipiga chafya. Mchungaji akatangaza kwamba Mwami ameahirisha harusi mpaka Gaël akariri kitabu chote cha Walawi.

2. Gaël akakariri, maskini. Sasa hagusi nguruwe, na kila tukikutana ananikagua ngozi akitafuta ukoma. Tuliporudi kwa Mwami, akapiga miayo. Mchungaji akatangaza mfungo kwa ukoo mzima, pamoja na bibi yangu mwenye vidonda vya tumbo.

3. Siku hizi Mchungaji hangoji hata mnong'ono. Juzi alitangaza amri za Mwami wakati Mwami yuko msalani.

4. Shangazi Généreuse alimvizia Mwami kwenye maegesho ya ghala, akamsihi aseme mwenyewe. Mwami akatazama huku na huku, akajibu: "Bon, mama, muulize kwanza Pasta kama naweza kubali." Nilicheka, kisha nikalia, maana gauni limeshashonwa na ninampenda Gaël.

Kwa hiyo ninaomba umhamishie Mchungaji mji wa Buffalo, akaishauri theluji. Akiondoka, Mwami atapata sauti, nami nitapata mume.

Msalimie Mama Askofu, wanakwaya wote, na yule mzee anayesinzia mahubiri yakianza.

Binti yako katika Bwana, asiyelala kwa hamu ya kuolewa,
Nzigire

Nyongeza: Baba, kabla sijaituma barua, Mchungaji amekuja kwako mkutanoni, na leo Mwami amesema mwenyewe! Aliniruhusu niolewe na Gaël, tukapiga vigelegele. Hapo Adriano, Mrundi wa Reynoldsburg niliyewahi tu kumwazima sufuria, akasimama kwa mzaha akaniposa. Mwami akamkubalia pia, kwa kuwa hawezi kumkatalia mtu. Wakafuata wengine wawili, mmoja ana mke. Sasa nina wachumba wanne wenye baraka halali, na foleni inazidi. Tafadhali mrudishe Mchungaji leo hii, hata kama hajamaliza kula.