Mkojo wa Shemeji Chuma

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Leo tena. Damu chooni, nyekundu, bila maumivu. Nimejiambia ni rangi. Sisi wachovya vitambaa, rangi hututoka hata puani. Lakini pipa langu ni la bluu.

Mke wangu kaona kabla sijamwaga maji. Kaniburuta hadi kwa daktari. Daktari kasema mkojo wangu utapimwa mambo mawili: kama kuna virusi kwenye kibofu, na kama kuna viashiria vya saratani, yaani vitu ambavyo uvimbe huvidondosha kwenye mkojo. Nikauliza lipi ni afadhali. Kasema tusitangulize maneno, nilete mkojo wa kesho asubuhi. Nikapewa kikopo. Kifuniko chake chekundu. Hata kifuniko!

Jumanne, tarehe 4 Machi
Sikulala. Nimefikiri hivi: anayeambiwa ana saratani huanza kufa siku ile ile; asiyeambiwa huenda kazini. Basi dawa ni kutoambiwa.

Mpango: Shemeji Chuma, kaka wa mke wangu. Tunachovya karakana moja. Hajawahi hata kukohoa, na mke wangu hachoki kuniambia nimwige. Haya, namwiga. Pipa la bluu huchachushwa kwa mkojo, kila fundi huleta wake. Nikamwambia pipa langu limedorora, linataka mkojo wa mtu mwenye afya. Kichwa kikamvimba. Akajaza chupa nzima na kunipa mawaidha kuhusu kunywa maji. Nikajaza kikopo kwa mkojo wake, nikakipeleka kwa daktari na jina langu juu yake. Kazi safi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Mambo yameharibika. Daktari kafunga mlango kwanza, nikajua. Virusi hakuna. Viashiria viko juu mno. Kasema kiashiria peke yake si hukumu, lakini lazima kamera ndogo iingie kibofuni ione. Nikafurahi kidogo kwamba si mimi. Kisha nikakumbuka ni nani. Nikamwomba daktari anipe siku chache nijiandae.

Nimerudi karakana nikamkuta Chuma anakamua kitambaa huku anaimba. Nikimwambia ukweli, mke wangu atajua nilichofanya. Nikinyamaza, namzika shemeji yangu kwa mikono yangu.

Jumatano, tarehe 12 Machi
Nimemshauri akapime. Kacheka, kasema chuma hakipimwi. Nimembembeleza. Kaniuliza kama nimekunywa rangi. Mwishowe nikamwambia mafundi wote wanasema mimi nina afya kumshinda, nimepimwa na daktari amenisifia. Akavua aproni. Nasikia alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Jumanne, tarehe 25 Machi
Wamemwingiza kamera. Uvimbe upo, mdogo, haujazama kwenye ukuta wa kibofu. Wameutoa. Daktari kasema angechelewa, yangekuwa mengine. Chuma kanishika mkono pale kitandani akalia kama mtoto, kasema bila mimi angekufa huku anajisifu. Nami nikalia. Nampenda yule mtu, sikujua.

Mke wangu kasema hakuwahi kufikiri ninamjali kaka yake namna hii. Nimeinamisha kichwa, akadhani ni unyenyekevu.

Ijumaa, tarehe 28 Machi
Daktari kapiga simu. Nimeahirisha kamera mara mbili, sasa ana wasiwasi na mimi. Nikamwomba anipime mkojo tena kwanza. Kakubali shingo upande.

Damu yangu haijakoma. Leo ilikuwa na mabonge.

Lakini nimekaa nikatafakari, nimeona kosa langu liko wapi. Nilichagua mtu vibaya. Chuma alijisifu mno. Mwenye afya ya kweli hajisifu. Mke wangu, tangu nimuoe, hajalala kitandani kwa ugonjwa hata siku moja, na hasemi kitu.

Nimemwambia kwamba kwa kuwa kaka yake ameugua, naye apimwe, mimi nitampelekea mkojo kwa daktari. Machozi yakamlengalenga. Kasema ana bahati ya mume. Kikopo kiko hapa mezani, kimejaa, na nimeshaandika jina langu. Asubuhi nakipeleka. Mungu amjalie mke wangu awe mzima, maana mimi nimechoka kuumwa.