Mhuri wa Wodi ya Tatu

Jumatatu, 6 Machi
Nimeandika jina la mgonjwa mmoja mara saba kabla ya saa nne asubuhi. Faili, rejesta ya wodi, karatasi ya joto, karatasi ya dawa, daftari la chakula, daftari la zamu, na rejesta moja ambayo hakuna anayejua huwa inapelekwa wapi. Mara ya saba jina likaanza kunipendeza. Nikalitazama mpaka wino ukakauka kwenye ncha ya kalamu. Mgonjwa mwenyewe alichoka kunisubiri, akalala.

Mama Pacha, muuguzi mwenzangu, kasinzia wima akiwa ameegemea kabati la dawa. Nyumbani mapacha hawamlazi, kazini sisi hatumkalishi. Aliposhtuka akaniambia kwa upole kwamba barua ya kuacha kazi ameshaiandika, iko mkobani, na wiki ikiisha bila nafuu ataipeleka kwa matroni. Nikamwambia aniachie mimi. Akauliza ni lini aliniachia jambo likaenda sawa. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na bila yeye mimi ni koti jeupe tu.

Jumanne, 7 Machi
Matroni katangaza: anakuja karani mmoja, wa kuandika tu. Wodi zinazomtaka ni mbili, yetu ya tatu na wodi ya pili. Mkaguzi atapita Alhamisi, na wodi atakayoiona imeelemewa zaidi ndiyo itakayompata. Mkuu wa wodi ya pili tunamwita Kalamu Nne, kwa ajili ya mfuko wa shati lake. Alitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Mchana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, jua limelala juu yake, pazia linapanda na kushuka taratibu. Nikamwona karani wetu. Anakuja bila kukanyaga chini, anazikusanya rejesta zote mikononi kama mtu anayeanua nguo, anazipeleka uani, na huko maandishi yanapeperuka moja moja mpaka kurasa zinabaki nyeupe. Matroni akanigusa bega, akauliza naandika nini. Nilikuwa nimeandika "nguo" kwenye karatasi ya joto.

Lakini hapo hapo wazo likaja. Mhuri! Kila siku tunaandika maneno yale yale, ya nini kuyaandika? Nilipotoka kazini nilikwenda kwa fundi wa mihuri mbele ya lango, nikaagiza: "Amelala vizuri. Amekula. Hana malalamiko." Fundi akauliza, na kama mtu hakula? Nikamwambia mambo ya kitabibu awaachie wenyewe.

Jumatano, 8 Machi
Mhuri umetia fora. Wino wa zambarau. Gonga, gonga, gonga, vitanda ishirini kabla chai haijapoa. Saa tano asubuhi hatuna cha kuandika. Mama Pacha alikaa na bibi wa kitanda cha pili, akamchana nywele, wakaongea mambo ya wajukuu. Alicheka. Miaka minne sijawahi kumsikia akicheka ndani ya wodi hii. Barua hakuitaja. Mimi nilizunguka mikono mfukoni, najiona daktari mkuu, nikasikiliza kifua cha mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Alikuja kumwona shemeji yake.

Kasoro ni mbili, ndogo. Kitanda cha tisa kiko kitupu tangu juzi, nacho kimelala vizuri na kimekula. Na mzee wa kitanda cha nne, ambaye hulalamikia hata kivuli cha pazia, kalisoma faili lake na kukuta hana malalamiko. Amelalamika sana. Nimemgeuzia mto.

Alhamisi, 9 Machi
Mkaguzi kaja. Alianza wodi ya pili, akamkuta Kalamu Nne haonekani kwa makaratasi, anaomba radhi kwamba hana mkono wa kumsalimia. Mhudumu ameninong'oneza kwamba nusu ya makaratasi hayo yalikuwa ya mwaka juzi, yametolewa stoo asubuhi ile ile. Jamaa hana haya.

Kwetu alikuta madirisha wazi, mafaili yote yamekamilika, Mama Pacha anamnyoosha mzee mgongo, na mimi nimekaa nikitazama nje. Nilikuwa mbali, namwonyesha karani wetu mahali pa kutundika koti lake. Mkaguzi akasema hajawahi kuona wodi iliyotulia namna hii. Nami nikavimba kichwa, nikamwonyesha mhuri, nikamgongea hata kwenye daftari lake. Akaondoka amelala vizuri, amekula, hana malalamiko. Mama Pacha alikuwa amejishika paji la uso. Nikadhani ni joto.

Ijumaa, 10 Machi
Karani kapewa wodi ya pili.

Sisi tumepewa barua ya pongezi, na fomu ya kukiri kwamba tumeipokea. Mhuri umeruhusiwa, kwa sharti moja: kila ukigongwa, iandikwe kwenye daftari la mhuri saa, kitanda, aliyegonga na sababu. Mama Pacha alinisikiliza nikimsomea hadi mwisho. Hakunifokea. Ningeona afadhali anifokee. Alisema hana hasira, kachoka tu, na kwamba Jumatano ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote za mwaka huu. Akachukua mkoba, akaenda kwa matroni.

Matroni kaikataa barua. Kampa uhamisho badala yake: wodi ya pili, yenye karani, kuanzia Jumatatu. Kabla hajatoka Mama Pacha alinikumbusha kwamba mshipa wa bibi wa kitanda cha pili hupatikana mkono wa kushoto. Nimeumia. Siwezi kusema vingine.

Jumatatu, 13 Machi
Zamu ya peke yangu. Wakati wa chakula nilichungulia wodi ya pili. Karani anaandika, Mama Pacha amekaa kitandani kwa mgonjwa, amemshika mkono. Hakuniona. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu, kukiwa kimya na kuzuri.

Sasa nimeshaelewa kosa langu. Wodi yetu ilionekana haina kazi! Mkaguzi atarudi mwezi ujao, na safari hii atatukuta tumeelemewa kweli kweli. Nimefungua rejesta tatu za kwangu mwenyewe: ya mapazia, ya wageni waliokosea mlango, na ya wagonjwa wanaoita. Nazijaza tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi, lakini zinapendeza.

Bibi wa kitanda cha pili anaita. Nimeshamwandika mara sita.