Mtego Ndani ya Kopo la Sigara

Jumatatu, 9 Machi

Nimeacha sigara! Tangu saa mbili asubuhi. Mke wangu ametoa tamko akiwa na pini mdomoni (ni mshonaji, makali yake yote hupitia kwenye pini). Mimba ina miezi saba, mtoto hazaliwi ndani ya moshi, na akininusa tena anahamia kwa kaka yake. Nikamwambia asiwe na shaka. Mimi si mraibu, ni mpenzi tu.

Tena nina ushahidi wa kisayansi. Mwaka wa nne huu nalisha panya kwenye maabara ya Daktari. Ana koo mbili za panya. Kila panya ana kibonyezo, akikibonyeza anapata tone la dawa ya kulevya. Wakishakolea, Daktari anaongeza mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Ukoo wa kwanza wanaacha, wanakwenda zao kulala. Ukoo wa pili wanaendelea kubonyeza huku wanaruka, maskini. Daktari anatafuta vinasaba vinavyowatofautisha. Kwetu sisi hakuna cha kutafuta. Babu yangu aliacha ugoro kwa siku moja. Ni siku aliyokufa, lakini aliacha.

Jumanne, 10 Machi

Mke wangu haamini maneno. Basi ataona takwimu! Nimechukua kopo la biskuti, nikatia paketi ya sigara, juu yake mtego wa panya, na kwenye kifuniko tundu la kupitisha vidole. Nikitaka sigara, nabanwa. Kila mguso naandika kwenye chati. Jumamosi nampelekea chati yenye sifuri tupu, aitundike ukutani.

Kopo liko stoo ya kazini, nyuma ya magunia ya maranda ya kutandikia vizimba. Nyumbani haliwezi kukaa, mke wangu ananusa hata mapazia.

Saa nne: mguso mmoja, kujaribu kama mtego unafanya kazi. Unafanya kazi.

Saa tano: mguso wa pili. Kuhakikisha. Lo!

Jumla ya siku: minne. Yote ya majaribio, haihesabiki.

Jumatano, 11 Machi

Miguso kumi na saba. Nimeiandika yote, mtu wa sayansi haghushi takwimu. Ila ieleweke kwamba mitatu ni kosa la Bibi Fomu, mwenzangu wa zamu, mwanamke asiyepiga chafya bila kujaza fomu. Amenikera tangu asubuhi.

Vidole viwili vimevimba kama mihogo. Bibi Fomu akaviona, akauliza kulikoni. Nikasema nimeng'atwa na panya. Panya gani? Nikataja kizimba kilichokuwa mbele ya macho yangu: namba kumi na nne. Fomu ikajazwa kabla sijafunga mdomo.

Nyumbani mke wangu alinifunga kitambaa, akanipuliza vidole kama mtoto. Nilijiona mwongo mkubwa. Kwa dakika tano hivi.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa. Kumbe namba kumi na nne ndiye mpole kuliko wote, wa ukoo wa wanaoacha, na Daktari anamfuatilia kwa miezi mitano sasa. Aliposoma fomu alikaa chini. Panya aliyeng'ata mtu hatumiki tena. Ametolewa kwenye utafiti, amewekwa peke yake chumba cha pembeni. Halafu Daktari akaanza kuwaza: mpole ameanzaje kung'ata? Ameagiza ukoo mzima upimwe upya. Vizimba arobaini! Wapimaji ni mimi na Bibi Fomu. Bibi Fomu akasema njia ya mwongo ni fupi. Sijui alikuwa anamsema nani, lakini alikuwa anatazama kitambaa changu.

Nilikwenda kumwona mtuhumiwa. Akaja mbio kwenye waya, akaninusa kidole. Roho iliniuma kwelikweli. Nikaenda stoo. Miguso sita.

Ijumaa, 13 Machi

Minne asubuhi. Kisha Bibi Fomu akaenda stoo kuchukua maranda. Mara ukelele! Mtego wa panya ndani ya maabara ya panya! Alidhani kuna muuaji kati yetu. Kopo likaletwa mezani kwa Daktari, na chati yangu juu yake.

Na nani anaingia mlangoni, tumbo mbele, mkono kiunoni? Mke wangu. Hakupata usingizi. Mumewe ameng'atwa na panya aliyelishwa madawa, amekuja kumwuliza Daktari kama nitapona.

Aliutambua mwandiko. Akaomba asomewe. Daktari akasoma: siku nne, miguso thelathini na mmoja. Mke wangu akauliza panya wa namna hii wanawekwa wapi. Daktari akamjibu taratibu kwamba wanawekwa pamoja na wale wasioweza kuacha hata wakiumia. Akasema kuzaliwa hivyo si aibu, wala si hukumu, na watu wana kliniki yao. Akaandika anwani. Nikajitetea kwamba panya mmoja hatoshi kuwa utafiti. Hakuna aliyecheka.

Mke wangu akasema sigara angezisamehe. Asichosamehe ni kulia usiku kucha kwa ajili ya jino ambalo halikuwepo.

Amehamia kwa kaka yake. Na cherehani amechukua. Namba kumi na nne amesafishwa jina, amerudi kwa wenzake.

Jumapili, 15 Machi

Nyumba kimya. Nimelia, naandika bila haya.

Shemeji amekuja, fundi baiskeli, kaka wa mke wangu. Aliacha sigara miaka miwili iliyopita, na alihangaika sana. Anasema dada yake atarudi nikienda kliniki na kumaliza siku kumi bila moshi. Kesho saa tatu atanipitia, anisindikize mwenyewe. Mtu mwema mno. Nikamtazama nikawaza: umri sawa, ukoo mwingine. Sampuli ya pili!

Nikamwekea kopo mbele, Daktari alikuwa amenirudishia. Shemeji akalitazama kwa muda mrefu, akameza mate. Kisha akainuka, akasema nina wazimu, akalikanyaga kopo, mtego ukalia, akaondoka bila kuaga.

Nimeandika: mkono, sifuri. Mguu, mmoja.

Kliniki kesho haiwezekani, nina kopo jipya la kutoboa. Kosa nimeshaligundua. Muda wote nilitumia mkono wa kulia, ambao umezoea. Kesho naanza na wa kushoto.