Kizimba Changu Mbele ya Mahakama

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka kukaa nyuma ya picha! Mimi ni afisa uenezi wa shirika la haki za binadamu, shirika la kimataifa, lakini kamera zikija zinamkimbilia wakili wetu. Tunamwita Bi Kifungu, maana hata akiomba chumvi hutaja kifungu cha sheria. Kesi ya sasa ni ya Fundi, mama mshonaji aliyewekwa ndani kwa kuwaongoza washonaji wenzake kupinga vibanda vyao kubomolewa. Wanachama wetu dunia nzima wanamwandikia waziri. Bi Kifungu anapambana mahakamani. Na mimi? Nabandika mabango.
Lakini akili ni nywele, na leo zangu zimesimama wima. Nina wazo!

Jumanne, 4 Juni
Nimelitoa mkutanoni. Ijumaa, siku ya uamuzi, nitajifungia ndani ya kizimba cha chuma mbele ya mahakama, kumuunga mkono Fundi. Bi Kifungu akasema kazi yetu ni kuwatoa watu ndani, si kuwaingiza. Wivu huo! Mkurugenzi amekubali, nadhani ili mkutano uishe.
Nimekwenda kwa mchomeaji vyuma. Akataka kunipima. Nikamwambia akadirie tu, nilikuwa nafanyia mazoezi hotuba.

Alhamisi, 6 Juni
Kizimba kimefika. Kifupi! Mchomeaji ametumia nondo za madirisha ya mteja aliyemtoroka. Humo ndani nasimama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Haidhuru, mateso yataonekana zaidi. Mke wangu ameuliza tangu lini mfungwa anavaa suti. Hajui mambo ya kamera.

Ijumaa, 7 Juni
Sijui nianzie wapi.
Asubuhi ilikuwa asali. Dereva wetu alinifungia, akatia ufunguo mfukoni. Waandishi wakanizunguka. Nikakohoa, nikaanza: “Ndugu zangu wapenda haki…” Mara vigelegele kutoka ndani! Jaji ameifuta kesi! Fundi anaachiwa leo hii hii!
Waandishi wakachomoka. Bi Kifungu akapita mbio, joho linapepea. Dereva akawapakia wote kwenye gari la ofisi, hao, kuelekea gerezani. Na ufunguo wangu!
Nikapiga kelele: “Ufunguo!” Washonaji waliobaki uwanjani walikuwa wanacheza kwa furaha. Wakadhani ni kauli mbiu. Wakainua ngumi, wakaitikia: “Ufunguo!” Nikarudia kwa uchungu. Wakaitikia kwa nguvu zaidi, mwingine akaanza kupiga ndoo kama ngoma. Nikajaribu kujipenyeza katikati ya nondo. Kichwa kikagoma. Suruali ikaachia nyuma, praa! Nikakaa chini kwa heshima, nikaitikia wimbo. Ningefanya nini?
Mchana gari likarudi. Fundi alitaka kuwaona wenzake kabla ya kwenda nyumbani. Ni mdogo wa umbo, amekonda, lakini kicheko chake kilijaza uwanja. Alipokwisha kukumbatiwa na kila mtu, akaniona.
“Na huyu mwanangu, wamemfunga kwa kosa gani?”
Bi Kifungu akaanza kupekua faili kutafuta kifungu.
Dereva akaja na ufunguo, akijipiga paji la uso. Fundi akamwomba ampe. Akauzungusha kwenye kufuli, chuma kikalia. Akasema taratibu kwamba miezi yote hii ameisikia sauti hiyo, lakini leo ndiyo mara ya kwanza anaisikia akiwa upande wa nje. Likafunguka. Nikatoka, nikainama kumwamkia, nikasahau hotuba yote. Nililia. Bi Kifungu naye alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.
Kuinama huko ndiko kulikonifichua. Fundi akaguna, akanigeuza kama mtoto wa shule, akauliza nani ana sindano. Uwanja mzima wa washonaji! Zilitoka kumi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimo gazetini! Ukurasa wa kwanza! Fundi amepiga magoti, uzi mdomoni, anacheka. Mimi ni ule mgongo, na kile kilicho chini ya mgongo. Chini wameandika: “Fundi arejea kazini.” Jina langu hakuna.
Mke wangu amecheka mpaka akakaa. Mama mkwe amepiga simu kusema kanitambua mara moja. Sikuuliza kwa lipi.

Jumatatu, 10 Juni
Ofisi nzima ilikuwa na furaha. Fundi amekuja kutushukuru, vibanda havibomolewi tena. Amemshonea Bi Kifungu joho jipya, mimi ameniletea mkanda na kuniombea dua.
Kisha Mkurugenzi akatangaza kesi mpya: mhariri wa gazeti amefungwa kisiwani. Bi Kifungu anaandaa rufaa. Wanachama wanaandaa barua. Mimi sikungoja. Nimejitolea kuogelea mpaka kisiwani, bango mgongoni, waandishi wakinifuata kwa boti!
Mtu mmoja kauliza kama najua kuogelea. Maswali madogo madogo hayo ndiyo yanayorudisha nyuma mapambano. Kesho naanza na jambo la msingi: kutafuta kaptura inayopendeza kwenye picha.