Gadi Mstaafu na Bendera ya Kilomita Kumi

Ijumaa, 1 Desemba

Mbio za asubuhi kuzunguka ziwa la Dhanmondi. Baadaye chapati za kukaanga na halua, kama kila Ijumaa. Nilikula nne. Daktari Shahnaz, daktari wa meno na kiongozi wa kikundi chetu, akasimama juu ya benchi akatangaza. Mbio za kilomita kumi ni tarehe kumi na tano, na kundi la waliozidi miaka sitini linahitaji mshika bendera. Bendera huandikwa muda wa kumaliza mbio. Safari hii ni saa moja na dakika kumi. Anayeishika huweka mwendo, wengine humfuata, wala hairuhusiwi kumpita. Atakayetuma kwenye kundi letu la simu kilomita nyingi zaidi, zilizopimwa na simu yake, kuanzia kesho hadi Alhamisi, ndiye atakayepewa.

Nilikuwa gadi wa treni miaka ishirini na tisa. Nikipunga bendera ya kijani, mabehewa kumi na manne yalianza kwenda. Tangu nistaafu, nikiinua mkono hata mwuza chai hageuki. Ninaitaka bendera hiyo.

Kibria naye anaitaka. Kibria alikuwa stesheni masta. Miaka yote ile sikuweza kupunga mpaka aridhie, naye aliridhia akishamaliza chai yake.

Jumamosi, 2 Desemba

Kilomita tatu. Goti linauma. Nimetuma. Pongezi ishirini na mbili: shabash, songa mbele, mjomba, umetutia moyo. Saa moja baadaye Kibria akatuma sita, pamoja na picha ya jua likichomoza. Nikamwandikia mbele ya wote kwamba ninampongeza, ila apumzike, maana moyo wa mtu wa miaka sitini na sita si wa kuchezea. Akajibu kwamba anashukuru, na kwamba kilomita tatu nazo ni kilomita. Watu wakacheka kwa zile sura ndogo za manjano. Nimezihesabu. Kumi na saba.

Jumapili, 3 Desemba

Nimekimbia juu ya paa la jengo letu, mbali na macho ya watu. Mizunguko themanini. Simu ikasema nimekwenda mita tisini. Inaonekana mtu akizunguka mahali pamoja, chombo hakitambui kwamba amekwenda popote. Monowara, mke wangu, anasema chombo kina akili.

Zaidi ya hayo, jirani wa ghorofa ya nne alikuwa ameanika vitonge vyake vya dengu vya majira ya baridi. Katika mzunguko wa themanini na moja nilivikanyaga. Amesema hataki fidia, anataka nisimsalimie tena.

Leo sikutuma kitu. Kibria ametuma saba.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimepata njia. Langoni petu huegesha riksho yake ya kukanyaga Sobhan, mtu mzima mwenye mapaja ya chuma. Mwendo wa riksho mjini Dhaka ni sawa na wa mtu anayekimbia. Palipo na msongamano, ni wa mtu anayetambaa. Tumepatana. Simu yangu ikae chini ya kiti cha abiria, yeye azunguke ziwa saa moja na nusu, taratibu, kama mtu mwenye kitambi. Sobhan aliuliza kama simu ingependa afungue kofia ya riksho, jua lisiipige. Hakuwa akitania.

Nikarudi kitandani. Monowara aliporudi sokoni aliniuliza Sobhan ni nani. Alikuwa amepiga simu yangu kuuliza kama tuna vitunguu, akajibiwa na sauti ngeni: "Bwana Gadi hajambo, mama, ila yuko chini ya kiti."

Kilomita tisa. Kibria tano. Pongezi arobaini. Daktari Shahnaz ameandika kwamba alikuwa ameghairi kukimbia leo, akaziona kilomita zangu, akavaa viatu. Nimeisoma mara sita. Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nilizunguka chumbani hadi adhuhuri, huku na huku, na simu ikiwa kwenye chaji. Hatua hizo hazikuhesabiwa.

Jumanne, 5 Desemba

Kilomita kumi na mbili. Lakini Sobhan alipakia abiria njiani. Anasema hawezi kumpita mama mjamzito kwa ajili ya simu. Ramani ikaonyesha nimesimama dakika kumi na tisa soko la samaki. Kibria akaandika mbele ya wote: "Bwana Gadi, hilsa leo wanauzaje?" Nikajibu kwamba nilimsaidia mama mjamzito kufika kwake. Ni kweli kwa sehemu. Pongezi sitini na moja. Kibria sita, pongezi tisa.

Mzee Ananta naye ameandika. Ni mfamasia mstaafu, ana miaka sabini na mmoja, si mtu wa maneno. Amesema amefanya mazoezi mwaka mzima ili amalize chini ya saa moja na robo, na kwamba angefurahi kumfuata mtu mwenye moyo kama wangu. Nikamjibu kwamba akae tu nyuma yangu, asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 6 Desemba

Mimi kumi na moja. Kibria kumi na moja. Chini ya ramani, chombo kimeandika: umekimbia pamoja na Kibria.

Sikukimbia pamoja na Kibria. Nilikuwa kitandani na chupa ya maji ya moto gotini.

Kikundi kinashangilia. Daktari Shahnaz anasema siku zote aliamini kwamba mbio zitatupatanisha. Nikateremka langoni. Sobhan alikuwa akifuta kengele yake. Nilimwuliza. Akasema bila haya, "Mko wawili humo chini, Bwana Gadi. Mwenzako alinikataza nisiseme, kama wewe ulivyonikataza." Mwendesha riksho wa kwanza wa Kibria amerudi kwao Barisal kuvuna mpunga. Kwa hiyo hata lile jua lililochomoza lilipigwa picha na mtu mwingine. Nilimwuliza Sobhan kwa nini alikubali mteja wa pili. Akasema yeye huchukua abiria wawili siku zote, na sisi ni wembamba.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimekwenda kwa Kibria. Akaniletea chai. Tukazungumza juu ya baridi. Tukazungumza juu ya bei ya koliflawa. Nikimtaja, atanitaja. Nilipokuwa navaa viatu alisema kwamba Sobhan ni mtu mwangalifu sana. Nikakubali. Akaongeza kwamba gadi mwenye busara hungoja ishara. Niliondoka bila kuaga.

Alfajiri nilikuwa nimemwagiza Sobhan aende mizunguko ya ziada ili nimwache Kibria mbali. Sikukumbuka kwamba simu ya Kibria ingekwenda nayo. Kumi na sita kila mmoja.

Monowara anasema simu zetu zimezoeana kuliko sisi wenyewe.

Ijumaa, 8 Desemba

Mimi hamsini na moja. Yeye hamsini na moja. Daktari Shahnaz akasema kuwatenganisha marafiki wa namna hii ni dhambi, akatukabidhi bendera, mti mmoja, mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Mzee Ananta alinishika bega, akasema sasa atalala vizuri.

Kisha tukaombwa tuongoze mzunguko wa leo. Baada ya nusu kilomita kamba ya kiatu changu ilihitaji kufungwa. Kibria alipigiwa simu na mtu ambaye simu haikumwonyesha.

Wiki nzima iko mbele yangu ya kufanya mazoezi. Nitaanza kesho.

Ijumaa, 15 Desemba

Goti halikuruhusu kuanza.

Leo ndiyo siku yenyewe. Ukungu. Wazee tisa nyuma yetu, viatu vyao vikipiga lami kwa pamoja. Niligeuka mara moja kuwatazama. Wote macho kwenye bendera. Kwa kilomita mbili nilikuwa gadi tena, na sitasema uongo humu, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Monowara asisome ukurasa huu.

Kilomita ya tatu Kibria alianza kutoa sauti kama birika. Nikamwambia ashike bendera kwa mikono miwili. Akaniambia nishike mimi, kwa kuwa nimezoea. Tukaanza kutembea. Wale tisa wakaanza kutembea. Tulisimama tukanywa maji. Wakasimama wakanywa maji. Kundi la wenye miaka hamsini likatupita, kisha baba mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Nilimwambia Mzee Ananta apite tu, aende. Hakuwa hata na jasho. Akatikisa kichwa. "Nimeambiwa nifuate bendera, Bwana Gadi. Bila shaka mnajua mnachofanya."

Saa moja na dakika hamsini na nane. Bendera ilikuwa ingali inasema saa moja na dakika kumi.

Daktari Shahnaz aliuliza kulikoni. Mimi na Kibria tukajibu pamoja, mimi nikasema upepo, yeye akasema joto. Mzee Ananta alitushukuru mmoja mmoja. Kisha akakaa kando ya njia, akafungua viatu vyake, akavitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amevinunua kwa ajili ya leo. Kibria aliniambia twende tukamwombe radhi. Nikamwambia atangulie. Hakwenda hata mmoja.

Jumapili, 17 Desemba

Mzee Ananta amekuja nyumbani, na machungwa. Nilijificha jikoni, Monowara akanitoa. Kumbe hakuja kulalamika. Kuna mbio nyingine Februari, naye anataka kujaribu tena saa yake moja na robo. Anasema mtu aliyekimbia kilomita hamsini na moja kwa siku sita hawezi kuwa dhaifu, bila shaka siku ile nilikuwa mgonjwa na nikaficha. Anaomba nikimbie naye kila asubuhi, yeye nyuma, mimi mbele. Monowara alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema, na ninajua alichotaka niseme.

Nilitazama machungwa. Nikakubali kwa moyo wangu wote.

Mpango ni huu. Nimemwambia kwamba mwendo wangu ni wa kasi, kwa hiyo nitatangulia mapema na kumngoja ng'ambo ya daraja, asinitafute njiani. Sobhan atanishusha nyuma ya kibanda cha maua. Mara hii hakuna simu ya mtu mwingine, nitapanda mwenyewe. Kosa la mpango wa kwanza lilikuwa kuituma simu peke yake.

Jioni hii nimefanya mazoezi ya kuhema mbele ya kioo. Dakika ishirini.